Mhariri, saiti zetu za zamani bado zinapumua, msituvunjie linki

Ndugu Mhariri,

Salaam nyingi. Naomba nafasi kwenye ukurasa wa barua, najua ni ndefu, ukiona haiingii yote bora uigawe mara mbili kuliko kuikata mkia, manake ombi langu kwenu, la linki za makala zenu za zamani, liko mwishoni.

Wiki mbili zilizopita msomaji mwenzetu aliandika humu kwamba mtu kuwa na websaiti yake binafsi zama hizi ni kutupa hela, eti kila kitu kihamie kwenye mitandao ya kijamii kwa kuwa watu wote wako huko. Namheshimu kwa mawazo yake ila kwa hili sikubaliani nae kabisa, na sisemi kwa kusikia, nina saiti yangu tangu 2004 na miezi mitatu hii nimekaa nayo kila jioni naikarabati, nasema kitu nilichokishika kwa mikono yangu.

Mi ni mwalimu mstaafu, naishi Tanga mjini lakini kwetu hasa ni Pangani. Marehemu baba alikuwa mvuvi, alianza na ngalawa ya mjomba wake mpaka akaja kuwa na mashua yake, na alikuwa na maneno ya bahari ambayo kwenye vitabu nilivyofundishia sikuwahi kuyaona. Bamvua (maji makubwa) na maji mafu (maji madogo) watu wengi wa pwani wanayajua, lakini yeye alikuwa na neno kwa kila hali ya maji katikati ya hayo mawili, na jina la kila kamba ya tanga, na kuna samaki alikuwa anamwita jina moja akiwa mdogo na jina jingine akishakua. Nikawa namuuliza naandika kwenye kaunta buku. Basi kijana mmoja wa inteneti kafe akaniambia mwalimu haya maneno si uyaweke mtandaoni, akanifundisha jioni mbili tu: fungua Notepad, ile programu ya kuandikia ya Windows, andika alama ya kufungua, andika maneno yako, alama ya kufunga, hifadhi faili kwa jina linaloishia na html (ndo lugha ya kuandikia kurasa za mtandaoni), basi ukurasa umezaliwa.

Enzi hizo nyaya za inteneti za baharini hatuna, ule wa SEACOM ulikuja kutua Dar mwaka 2009, sisi tulikuwa tunategemea setilaiti na unalipa kwa saa, ukurasa wenye picha mbili unaungoja mpaka chai inapoa. Naandika kwenye kompyuta ya shule baada ya vipindi, naweka kwenye flopi, Jumamosi naenda kafe kupandisha. Ndo nikajifunza mapema kwamba ukurasa uwe mwepesi, kila picha niiulize ina kazi gani.

Saiti yenyewe nyuma ni bluu, maandishi ya njano, juu kuna neno KARIBUNI linatembea kutoka kulia kwenda kushoto, chini kihesabu wageni na kitabu cha wageni. Ndivyo saiti za watu zilivyokuwa wakati ule na mi naipenda mpaka kesho. Nilipoanza kukarabati wajukuu walitaka niifute yote nianze upya, nikawaambia hapana, nyumba ya bibi ikivuja unabadili makuti, huvunji ukuta.

Kabla sijafika kwenye ukarabati niseme jinsi nilivyowahi kuipoteza, kwa sababu yule ndugu anayesema tuhamie kwa watu wengine hili angelijua asingesema vile. Mwanzoni saiti ilikaa kwenye kampuni moja ya nje iliyokuwa inatoa nafasi bure. Wakafunga. Notisi walituma kwenye imeli ambayo sikuwa naifungua mara kwa mara, nilipokuja kustuka anwani haipo na kurasa zote hazipo. Flopi nyingine zilikuwa zimeshaharibika. Nililia, sifichi. Aliyeniokoa ni mtu aliyenionyesha Wayback Machine, ile hazina ya Internet Archive ya San Francisco, hawa tangu 1996 wanapita mitandaoni wananakili kurasa na kuziweka akiba, ukiandika anwani ya zamani unaletewa ukurasa ulivyokuwa tarehe fulani. Nikazipata kurasa zangu nyingi, sio zote, picha ndo zilipotea karibu nusu. Na sikuwa peke yangu. GeoCities, iliyokuwa inawapa watu nafasi za saiti bure, ambayo ilianza 1994 na Yahoo wakainunua 1999, ilifungwa Oktoba 2009, mamilioni ya kurasa za watu wa kawaida zikaondoka kwa mpigo, zilizopona ni zile ambazo watu wa kujitolea na hao Internet Archive waliwahi kuzinakili. MySpace, mtandao wa kijamii wa zamani, nao mwaka 2019 walikiri kwamba nyimbo ambazo watu waliziweka kwao kati ya 2003 na 2015 zimepotea wakati wa kuhamisha seva. Hayo ni makampuni makubwa ndugu yangu, sio vibanda. Mtu anakuwekea vitu vyako bure, siku akiamua kufunga wewe huna cha kumdai.

Tangu hapo nikanunua jina langu mwenyewe la domeini, yaani anwani ya saiti, na nafasi ya kulipia, kwa mwaka vyote havifiki hata hela ya bando ninayotumia kwa miezi michache, na faili zote ninazo nyumbani sehemu mbili, moja kwenye flashi na nyingine kwa binti yangu Morogoro. Aliyenihifadhia akifunga leo, kesho nahamia kwingine na anwani inabaki ile ile kwa sababu jina ni langu. Hapo tu pa kuangalia ni tarehe ya kulipia jina. Ukiisahau linachukuliwa, nimeona saiti ya mzee mmoja aliyekuwa anaandika historia ya kijiji chao, alipofariki hakuna aliyelipia, leo ukifungua jina lile unakutana na matangazo ya kamari. Wanae hawakujua kama kuna kitu cha kulipia. Mi nimemwandikia binti yangu kila kitu kwenye karatasi, jina limesajiliwa wapi, paswedi ipo wapi, tarehe ni ipi.

Baba alifariki 2012 na mi nikawa siwezi kuifungua ile saiti. Nililipia jina kila mwaka lakini sikuingia ndani, miaka kumi na zaidi. Mwaka huu mjukuu alipewa kazi shuleni ya kukusanya maneno ya uvuvi, akaifungua kwenye simu, akaja ananiuliza bibi mbona maneno yako yana vidude?

Nikatazama. Kila palipokuwa na ng' pale kwenye king'ong'o pamekaa alama nyeusi ya umbo la almasi yenye kiulizo ndani. Ng'onda imeharibika, ng'ambo imeharibika, kung'oa nanga imeharibika, na ukurasa wa samaki wakavu ambao unaanza na hiyo ng'onda yenyewe ulikuwa hausomeki kabisa. Nilikaa siku nne kutafuta sababu na naieleza hapa kwa sababu najua kuna Waswahili wengi wenye kurasa za zamani limewakuta hilo hilo na wanadhani faili zimeoza. Hazijaoza. Zamani maneno tuliyaandika kwanza kwenye Word ndo tukayahamishia Notepad, na Word ukipiga ile alama inaigeuza yenyewe kuwa ya kupinda, alafu faili inahifadhiwa kwa utaratibu wa herufi wa Windows wa wakati ule. Siku hizi seva nyingi zinaiambia brauza kwamba kila ukurasa ni UTF-8, ambao ni utaratibu mwingine. Herufi za kawaida a, b, c zinafanana kwenye taratibu zote mbili kwaiyo hazidhuriki, lakini ile alama ya kupinda haifanani, brauza ikifika pale inakuta kitu isichokijua inaweka kiulizo. Wazungu wengi wa Kiingereza wao wakipoteza alama hiyo hapa na pale wanasoma tu wanaendelea, sisi kwetu ng' ni sauti nzima, ukiondoa king'ong'o neno linakuwa lingine au halipo kabisa.

Dawa yake: unafungua faili kwa Notepad++ (ni ya bure), unaiambia isome kwa utaratibu wa zamani wa Windows, ukiona maneno yamerudi sawa unaigeuza kuwa UTF-8, unahifadhi, na juu ya ukurasa unaandika mstari mmoja unaotaja UTF-8. Msikosee kama mi nilivyokosea siku ya kwanza, niliandika ule mstari tu bila kuigeuza faili, ikawa ni kubandika lebo mpya kwenye kopo la zamani. Na nakilini faili zote pembeni kabla hamjagusa kitu. Nikaenda faili moja moja, ziko themanini na saba. Nilipoona kung'oa nanga imesimama tena kwenye kioo nilimwita mume wangu aje aone.

Alafu kuna sauti. Hii sitaisahau. Mwaka 2005 nilimrekodi baba kwenye kaseti anataja majina ya pepo, kaskazi, kusi, matlai, na anaeleza kwa nini demani ni kamba ya tanga na tena ni majira. Yule kijana wa kafe akaigeuza kuwa faili ya RealAudio kwa sababu ndo ilikuwa nyepesi kwa inteneti ya wakati ule. Hiyo RealAudio brauza za leo hazina habari nayo, ukibonyeza hamna kitu, kwaiyo sauti ya baba ilikuwa ipo pale mtandaoni miaka yote hiyo na hakuna mtu anayeweza kuisikia. Kaseti yenyewe ilishakatika. Kijana wa jirani akaifungua kwa VLC, programu ya bure ya kuchezea sauti na video, ikaimba! Tukaigeuza kuwa MP3, tukaiweka kwenye ukurasa kwa mstari mmoja tu wa HTML unaoweka kitufe cha kusikilizia. Nilimsikia baba anasema matlai, vile anavyoivuta mwishoni, baada ya miaka kumi na kitu. Faili ya zamani naiacha pale pale pembeni ya mpya, siifuti. Na wenye video na michezo waliyotengeneza kwa Flash wajue Adobe waliacha kuihudumia mwisho wa 2020, wazitafute mapema faili zao za asili.

Mengine yalikuwa madogo nitayapitia haraka. Kwenye simu maandishi yalikuwa madogo kama mchanga, kumbe inatakiwa mstari mmoja tu juu ya ukurasa wa kuiambia simu itumie upana wa kioo chake, na majedwali niliyoyapa upana wa kudumu nikayaondolea zile namba, basi ukurasa ukajipanga wenyewe. Picha nyingi zilikuwa hazitokei kwa sababu faili inaitwa Dema.JPG kwa herufi kubwa na mi kwenye ukurasa nimeandika dema.jpg, Windows haijali hilo ila seva za Linux zinajali sana, nikabadili majina yote yawe herufi ndogo. Na lile onyo la kwamba saiti sio salama, ambalo Chrome walianza kuliweka Julai 2018 kwa kila saiti isiyo na HTTPS (njia ya kuficha mawasiliano yasisomwe njiani), nimeliondoa bila kulipa hata shilingi, kuna cheti cha bure cha Let's Encrypt, kinadumu siku 90 na anayenihifadhia anakihuisha chenyewe kwa chenyewe. Ila mkishakiweka hakikisheni picha hazijaitwa kwa anwani nzima inayoanza na http isiyo na s, zitawaletea shida.

KARIBUNI nimeiacha itembee. Kanuni mpya za HTML zimeshaikataa ile namna lakini brauza bado zinaitembeza.

Vijana wanaojua kompyuta walinishauri nihamie WordPress, programu ya kuendeshea saiti. Ni kitu kizuri kwa mwenye duka au gazeti, sina ugomvi nacho, ila kinataka uangalizi wa kila wiki, programu zake ndogo ndogo zisipoapdetiwa wahuni wanaingia, na mi naijua miaka yangu. Ukurasa wa HTML niliouandika 2004 kwa Notepad umefunguka 2012, umefunguka leo, hakuna aliyeugusa katikati. Berkshire Hathaway, kampuni aliyoijenga Warren Buffett, tajiri wa Marekani anayeweza kununua watengeneza saiti wote, saiti yao kwa miaka na miaka ilikuwa maandishi tu na linki. Na wepesi jamani, ukurasa wangu mzito kuliko yote bila picha haufiki kilobaiti arobaini, wakati kurasa za kawaida siku hizi zinapita megabaiti mbili kila moja. Mtoto wa Kipumbwi, kijijini huko kwetu Pangani, mwenye bando la mia tano anaufungua wangu bila kuwaza.

Sasa nifike kwenye ombi, Mhariri.

Katika kukarabati nilipitia linki zangu zote zinazotoka nje, ziko sitini na moja. Zilizokuwa zinafunguka ni kumi na tisa tu. Watafiti wa Pew, taasisi ya utafiti ya Marekani, walitoa hesabu mwaka 2024 kwamba katika kurasa za mtandaoni zilizokuwepo 2013, asilimia 38 hazipatikani tena miaka kumi baadae, kwaiyo ni ugonjwa wa dunia nzima, lakini nilipozipanga linki zangu zilizokufa nikaona kumi na moja ni za gazeti hili hili. Nyie mlikuwa na makala nzuri sana za mafundi wa majahazi, za soko la samaki, za wazee wa bahari, mi nilikuwa nikizisoma naweka linki ili anayesoma maneno ya baba aende akasome na habari zenu. Mlipobadili saiti yenu ikawa ya kisasa, anwani zote za zamani zilikufa, ukibonyeza inakuja "ukurasa haupatikani". Na makala zenyewe nadhani hamkuzifuta, nyingine nimezitafuta kwa kichwa cha habari nikazikuta zipo ila zimepewa anwani nyingine, nikazirekebisha nne. Saba sijazipata.

Tim Berners-Lee, mwenyewe aliyeubuni mfumo huu wa kurasa na linki (wavuti) pale CERN, kituo cha utafiti wa fizikia cha Ulaya, aliandika mwaka 1998 akiwasihi wenye saiti wasibadili anwani za kurasa zao, na mwaka 2013 CERN walihangaika mpaka wakaurudisha ukurasa wa kwanza kabisa wa dunia kwenye anwani yake ile ile ya mwanzo, info.cern.ch, nendeni mkaufungue, ni maandishi tu na unafunguka hata kwenye simu ya bei ndogo. Kama wao walijisumbua kwa ukurasa mmoja, gazeti la Kiswahili lenye kumbukumbu za miaka na miaka si zaidi? Fundi wenu akiweka orodha ya anwani za zamani na mpya, seva inampeleka msomaji yenyewe, hata hajui kama kumebadilika kitu. Kwa saiti kubwa ni kazi ya siku kadhaa, sio ya mwaka, na haitaki mitambo mipya.

Naomba mfikirie sio mimi tu. Kuna walimu waliowataja kwenye notsi zao, wanafunzi wa vyuo walioandika anwani zenu kwenye tasnifu, kuna ndugu mmoja yuko Muscat, Oman, ambaye babu yake aliondoka Pangani kwa jahazi, aliniandikia mwaka 2009 kupitia kitabu changu cha wageni akisema alifika kwangu akitokea kwenye makala yenu. Tuliandikiana karibu mwaka mzima, akanisahihisha maneno matatu. Hiyo makala iliyomleta kwangu ni mojawapo ya zile saba.

Orodha ya anwani hizo saba, na vichwa vya habari na tarehe, nimeituma kwenye imeli ya chumba chenu cha habari pamoja na barua hii. Kwenye saiti yangu linki sijazifuta, nimeandika tu pembeni ya kila moja "haifunguki kwa sasa".

Wako,
Mwalimu mstaafu, Tanga